Karani Anayewahesabu Wanaorudishwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Dodoso ameshashika nafasi yake kando ya geti la zahanati. Daftari liko kwapani, kalamu ameichomeka kwenye kilemba. Foleni imeshapinda kona na watu bado wanakuja, wengine na watoto mgongoni, mmoja na stuli yake mwenyewe.

Mlinzi anatoka na ndoo. Ndani mna namba: vipande vya plastiki vilivyokatwa kutoka madumu mabovu na kuandikwa kwa rangi nyekundu. Anazigawa polepole, moja moja. Aliyepata namba anaingia ndani. Asiyepata anaambiwa arudi kesho.

Huyo wa kesho ndiye mteja wa Mama Dodoso.

“Mimi na walioingia hatuna neno,” anasema, macho hayabanduki kwenye ndoo. “Hao wana daftari lao huko ndani. Wangu ni hawa wanaogeuza.”

Kwa miezi sita sasa, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja amekuwa akiwaandika watu ambao zahanati haikuwahudumia. Hakuna aliyemtuma. Hakuna anayemlipa. Leo ndoo ina namba sabini na tano badala ya arobaini za kawaida, na yeye anataka kujua kama zitatosha. Ili msomaji aelewe kwa nini swali hilo linamnyima usingizi, inabidi turudi nyuma hadi mwaka jana, kwenye sanduku la vifutio.

Mama Dodoso ni karani wa utafiti wa halmashauri. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba na dodoso, yaani fomu ya maswali, akiuliza watu wanapata maji saa ngapi, taka zao zinaishia wapi, taa za barabarani zinawaka au zimekuwa mapambo. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa, na sasa hata mwenye nyumba wake hakumbuki jingine.

Ana watoto watatu wakubwa na mume fundi baiskeli. Kabla ya ukarani aliuza sabuni ya vipande. Halmashauri ilimchukua miaka sita iliyopita kwa sababu ya mwandiko wake, ambao kweli ni wa kutazamwa. Hulipwa kwa kila fomu inayopokelewa. Utafiti wa wiki tatu humpatia sawa na kodi ya chumba ya mwezi mmoja na nusu, na tafiti za namna hiyo huja mara mbili kwa mwaka, zikija.

Mwaka jana halmashauri ilitaka kujua wananchi wanatumia huduma zipi, ili ijue pa kuweka nguvu. Makarani watano waligawiwa kaya mia tatu. Dodoso lilikuwa na maswali thelathini na manne.

“Wazo lilikuwa zuri, tusiseme uongo,” anasema. “Walau walikubali kuuliza watu, badala ya kukaa ofisini na kukisia. Mimi niliingia na moyo wote.”

Tatizo lilikuwa swali la saba. Liliuliza: katika miezi mitatu iliyopita, kuna mtu wa nyumba hii aliyehudumiwa katika zahanati ya mtaa? Akisema ndiyo, karani aendelee na swali la nane. Akisema hapana, kulikuwa na mshale mdogo: nenda swali la ishirini na tisa. Swali la ishirini na tisa lilihusu gari la taka.

Mume wake hadi leo akitaka kumchokoza hutumia mshale huo. Akiulizwa kama amelipia umeme, hujibu, “Hapana, nenda swali la ishirini na tisa.”

Ila watu si mishale. “Umemkuta mtu anaanika nguo, umemsimamisha, umemuuliza habari ya zahanati. Unadhani atasema hapana kisha anyamaze?” anauliza Mama Dodoso. “Anakueleza. Anaweka beseni chini kabisa, anakueleza.”

Na walieleza. Walifika saa kumi na mbili, namba zikaisha. Walirudi kesho yake, zikaisha tena. Wengine walikata tamaa, wakanunua dawa dukani kwa kubahatisha. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hayo. Mama Dodoso akayaandika pembeni kwa penseli, kwa herufi ndogo, kila nyumba na lake.

Mlango wa nne kutoka kwake anaishi fundi cherehani, shoga yake wa miaka mingi. Wamelea watoto pamoja, wanachangia bomba na kamba ya nguo. Mume wa fundi huyo ana kisukari, na mguuni ana kidonda kinachotakiwa kufungwa upya kila baada ya siku moja. Siku ya dodoso, fundi alisimamisha cherehani.

“Andika, shoga yangu,” alimwambia. “Andika tumerudishwa mara nne. Usiseme mara nyingi. Andika nne.”

Aliandika nne.

Ijumaa ya wiki ya tatu, makarani waliitwa ofisini. Msimamizi wao aliweka mezani sanduku la vifutio. Waliokuwa wakiingiza majibu kwenye kompyuta wamelalamika, alisema. Maandishi ya pembeni yanawachanganya. Fomu chafu hazitapokelewa.

Mama Dodoso alikaa kwenye benchi la korido kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Alikuwa na fomu sitini na moja. Arobaini na nne zilikuwa na “hapana” kwenye swali la saba, na kati ya hizo ni watatu tu waliosema kuwa nyumbani kwao hapakuugua mtu. Nyingine zote zilikuwa na maneno pembeni. Alifuta zote, akapuliza mabaki ya kifutio, akazipanga.

Fomu zake zilitangazwa kuwa safi kuliko za wenzake wote. Alizawadiwa chupa ya chai.

“Nilifuta vizuri,” anasema. “Mimi kazi sifanyi nusunusu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.”

Kompyuta ilijumlisha ilichopewa. Kaya mia mbili na kumi na mbili kati ya mia tatu zilisema hapana. Ripoti ikaandika kwamba kaya saba kati ya kumi hazina haja na zahanati, ikapendekeza ifungwe mwisho wa mwaka wa fedha, na jengo ligeuzwe stoo ya viti na mahema ya halmashauri.

Wakati huohuo, katika ofisi ya afya, kulikuwa na rejista inayoonyesha zahanati hiyohiyo ikijaza watu arobaini kila siku, bila kupungua hata mmoja. Ofisi ya mipango na ofisi ya afya zinatazamana. Mwandishi wa makala haya alipima korido iliyo katikati: ni hatua sita. Hakuna faili lililowahi kuzivuka.

Tangazo lilibandikwa getini miezi saba iliyopita. Lilieleza kuwa wakazi watahudumiwa katika kituo cha afya kilicho ng'ambo ya reli, ambacho ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye miguu miwili mizima. Mstari wa tatu ulisema uamuzi umetokana na “utafiti uliofanywa katika kaya zenu.”

Fundi cherehani aliusoma mstari huo mara mbili, akatembea moja kwa moja hadi mlangoni kwa shoga yake. Mazungumzo yao hayakuwa marefu, na wote wawili wanayakumbuka sawasawa.

“Nilikwambia mara nne. Uliandika, hukuandika?”

“Niliandika.”

“Sasa iko wapi?”

“Nimeifuta.”

Fundi aliondoka. Salamu zikakatika siku hiyo. Kwa watu wanaochangia bomba moja, kutosalimiana ni kazi ngumu kuliko kusalimiana. Inabidi mmoja ajue saa za mwenzake ili ampishe. Waume zao hawakuingia kwenye ugomvi huo. Fundi baiskeli aliendelea kumpakia jirani yake kwenye keria siku ambazo namba ziliisha, akimvusha reli kwenda kufungwa kidonda, na hakuna aliyeulizwa kuhusu jambo hilo.

“Hakunitukana,” anasema Mama Dodoso kuhusu shoga yake. “Angenitukana ningepumua. Alinitazama tu, kama mtu anayenisoma kwa mara ya kwanza.”

Waswahili wana lao kuhusu mambo ya namna hii: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mama Dodoso hakukaa kuisubiri. Alivaa viatu, akaenda halmashauri kumwona ofisa mipango, kijana mwenye tai na meza iliyojaa, akamwambia ripoti ina kosa.

Ofisa anakiri alikuwa na haraka siku hiyo. “Nilimwambia, mama yangu, takwimu ni takwimu. Ukitaka kuzipinga, lete takwimu,” anasema.

“Alidhani ananifukuza,” anasema Mama Dodoso. “Kumbe amenipa kazi.”

Alinunua daftari la kurasa mia na kulipiga mistari kwa rula: nyumba, umri, shida, mara ya ngapi. Hakuweka safu ya majina. Miaka sita ya kugonga milango imemfundisha kwamba mtu hukupa ugonjwa wake, hukupa hata siri ya ndoa yake, lakini ukimuuliza jina anakumbuka ghafla ameacha kitu jikoni.

Siku za kwanza zilikuwa chungu. Mlinzi alimwambia asimharibie kazi. Mmoja kwenye foleni alieneza kwamba wanahesabiwa ili walipishwe kodi mpya. Mzee mwenye kikohozi alimuuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote: “Mwaka jana mmetuandika mkaamua kufunga zahanati. Sasa mnatuandika mfunge nini, makaburi?”

Watu walicheka. Naye alisubiri wamalize kucheka.

“Nikawaambia, aliyeyafuta maneno yenu ni mimi. Si msimamizi, si kompyuta. Mkono ni huu. Nimekuja kuyaandika upya, na asiyetaka simlazimishi.” Mzee alikohoa, akafikiri, kisha akasema, “Haya, andika. Kikohozi. Mara ya sita.”

Mama Dodoso anasema kitambulisho cha halmashauri hakikuwahi kumfungulia midomo ya watu kama ilivyomfungulia aibu ile.

Mwanamke mmoja, kabla ya kuondoka, alitaka asomewe kilichoandikwa. Tangu hapo kila mtu husomewa chake papo hapo, na akikataa, hurekebishwa. Inachukua muda zaidi. Mvua ikinyesha, mlinzi, ambaye hatimaye alichoka kuwa adui, humshikia mwavuli.

Baada ya asubuhi arobaini na sita alijumlisha. Watu waliorudishwa: elfu moja mia moja na nne. Wastani wa ishirini na wanne kwa siku.

Alipopeleka takwimu hizo, ofisa mipango aliuliza swali ambalo mtaalamu yeyote angeuliza: je, mtu mmoja hakuhesabiwa mara tano? Mama Dodoso alikuwa ameshalijibu nyumbani. Kwa kutumia nyumba, umri na safu ya mara ya ngapi, alikuwa amewatenga waliorudia. Walibaki watu mia tatu tisini na mmoja. Mia moja na kumi na wanane walikuwa watoto wenye homa. Sabini na watatu walikuja kufungwa vidonda.

Kisha kikatokea kitu ambacho ofisa hakukipanga. Aliteremka stoo mwenyewe na kutoa bunda la fomu za mwaka jana. Alichomoa moja, akaigeuza kuelekea dirishani. Penseli hufutika, lakini karatasi iliyobonyezwa haisahau. Kwa mwanga wa ubavu, herufi ndogo zilionekana kama mikwaruzo, na alizisoma kwa sauti: tumefika saa kumi na mbili, namba zimeisha. Akachomoa ya pili. Akachomoa ya tatu.

“Alisoma robo saa nzima,” anasema Mama Dodoso. “Mimi sikuhitaji kusomewa. Nilikuwa nayajua.”

Ofisa hatafuti pa kujificha. “Swali lile lilitungwa na ofisi yangu,” anasema. “Yeye anajilaumu kwa kufuta. Sisi tulikuwa tumeshafuta kabla hajagonga mlango wa kwanza. Ule mshale ni wetu.”

Ingekuwa hadithi, mambo yangeishia hapo. Lakini halmashauri ni halmashauri. Kikao cha kwanza cha kamati ya madiwani kilivunjika kwa sababu waliohudhuria hawakutimia. Cha pili kilitumia saa nzima kujadili kama daftari la kurasa mia lililopigwa mistari kwa rula ni utafiti, na diwani mmoja akataka kujua elimu ya mama huyu ni ya kiwango gani. Ni darasa la saba. Diwani mwingine akauliza elimu ya aliyetunga swali la saba, na kikao kikaahirishwa.

Cha tatu kilipiga kura. Sita kwa tano, kufungwa kwa zahanati kukafutwa. Muuguzi wa pili angehamishiwa hapo. Kwenye fomu mpya, kila hapana ingefuatwa na swali la maneno mawili tu: kwa nini? Na matokeo yote, kabla ya kwenda ofisini, yangesomwa kwenye mkutano wa mtaa, ili wenye majibu wayasikie.

Mama Dodoso aliyasoma mwenyewe mkutanoni. Fundi cherehani alikuja, akasimama nyuma, mikono kifuani. Namba zilipofika kwenye vidonda, aliangalia chini. Mkutano ulipoisha aliondoka. Kesho yake Mama Dodoso alikuta ndoo yake bombani imeshajazwa na kufunikwa.

“Salamu bado,” anasema. “Lakini maji nimeyaoga.”

Sasa halmashauri imemkabidhi makarani saba wapya awafundishe. Huwafundisha getini, wakiwa wamesimama, na somo la kwanza ni kusikiliza hadi beseni lishuke chini. Utafiti unaofuata ni wa gari la taka. Anataka wahesabu malundo ambayo gari halikuyagusa, si safari ambazo dereva anasema amezifanya. Dereva, inasemekana, ameshaanza kusalimia watu kwa adabu.

Tukirudi getini, ni saa moja na nusu. Hii ndiyo siku ya kwanza ya muuguzi wa pili, na ndoo imegawa namba sitini na nane. Foleni imekwisha. Mlinzi anachungulia ndani ya ndoo, kisha anaiinamisha ili mama naye aone. Zimebaki saba.

Mama Dodoso ameshaandika tarehe juu ya ukurasa. Chini yake hakuna kitu. Anasubiri. Saa mbili anakuja mwanamke mwenye mtoto, anakimbia, tayari ana uso wa mtu aliyekwisha kukataliwa. Anapewa namba sitini na tisa na kuingia, akiitazama mkononi. Saa mbili na robo hakuna mtu.

“Basi mama, leo umefukuzwa kazi,” anasema mlinzi.

Mama Dodoso hacheki. Anafunga daftari, anasimama kidogo kama asiyejua pa kuiweka mikono yake. Kisha anautia mkono mmoja ndani ya ndoo na kuchukua namba sabini.

Ndani, muuguzi wa siku zote, binti wa umri wa mwanawe mkubwa, anamkaribisha kwa utani. “Leo umekuja kutuhesabu sisi?”

“Nimekuja kupimwa, mwanangu.”

Mwandishi anaruhusiwa kubaki, kwa ridhaa yake. Muuguzi anamfunga mkanda wa presha mkononi, anapampu, anasoma. Anaufungua, anaufunga mkono wa pili, anasoma tena. Utani umekwisha usoni mwake.

“Unasikia nini?”

“Kizunguzungu. Na kichwa, upande wa nyuma.”

“Tangu lini?”

“Tangu tangazo.”

Muuguzi anaweka kalamu chini. “Miezi saba? Mama, na kila siku wewe ndiye wa kwanza getini. Namba moja ilikuwa yako. Kwa nini hukuichukua?”

Mama Dodoso anashusha mkono wa blauzi taratibu na kufunga kifungo.

“Ningeichukua, wa mwisho angerudi,” anasema. “Na mimi ndiye ningemwandika.”